Nilivyotabiri Polisi wa Kesho Mbele ya Jeneza la Onchari

Ukiweza kucheka, cheka, mimi nimeshindwa. Kuna aibu mtu huzeeka nayo, na hii ndiyo yangu.

Mnanijua, Rono wa maikrofoni, harusi zote za huku kwa majani chai ni mimi (mazishi pia, chakula ni kile kile). Basi tulikuwa tunamzika Onchari, mchuma chai aliyepigwa risasi na polisi siku wachumaji walipoandamana kukataa mashine. Polisi walisema alikuwa mwizi wa kuvunja stoo. Mama yake alimsihi OCS mpya, mkuu wa kituo cha polisi, mpaka akakubali kuja kusema mbele ya watu kwamba si kweli, na kweli akaja, akaketi kofia magotini.

Kazi yangu ilikuwa kumpa maikrofoni, basi. Lakini watu walikuwa wamenuna, na mimi kimya huniwasha, nikaona wacha nichangamshe kidogo.

"Wazee, msikasirike, hawa polisi wanaisha! Vile mashine imefukuza wachumaji, kesho ni kandege kasiko na rubani katakuwa kanashika watu, na OCS arudi kwao kuchunga ng'ombe!"

Vijana wakapiga makofi, na mimi nikisikia makofi akili hutoka (ugonjwa huo ninao tangu shule), nikaendelea: mashine haiombi kitu kidogo, haina hasira, haiwezi kuua mtu halafu imwite mwizi.

"Muuaji!" mmoja akapiga kelele nyuma, mwingine akadakia, udongo wa kaburi ukarushwa ukampata OCS kifuani. Nikaita, "Jamani, pole pole!" lakini nani angenisikia, na moto nimewasha mwenyewe? OCS akavaa kofia, akaingia kwa gari, akaenda na yale aliyokuja kusema.

Mama Onchari hakunitukana. Alikuja akasimama mbele yangu, na maikrofoni ilikuwa bado inawaka, kwa hivyo zile spika nilizokodi Sosiot zikampelekea kila mtu sauti yake.

"Rono, hiyo ya kesho ungeniambia siku ingine. Leo nilikuwa nataka tu aseme mtoto yangu hakuwa mwizi."

Nilitamani niingie shimoni kabla ya jeneza.

OCS alihamishwa muda si mrefu, na aliyekuja baada yake anasema hajui lolote. Mpaka leo mama huyo akipita sokoni, kuna watu humwita mama ya mwizi, na mimi nikiwa hapo huinamisha kichwa. Harusi bado nitakuja. Lakini palipo na jeneza, nipeni jembe nichimbe na wenzangu, maikrofoni mpeni mtu mwingine.