Dungusi la Wakhisi

Kwa miaka kumi na mitatu Wakhisi alifagia, akafua na kupika nyumbani kwa Bi Mariamu kule Milimani, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuliona ua la dungusi la barazani. Dungusi lenyewe lilikuwa refu kumshinda, limejaa miiba, limepandwa ndani ya pipa. Kila mwaka lilichanua mara moja, baada ya giza kuingia, yeye akiwa ameshafika kwake Kaloleni. Asubuhi alikuta ua limelegea kama kitambaa kilicholowa. Watoto wa Bi Mariamu walimsimulia: jeupe, kubwa kama sahani, harufu inaingia mpaka vyumbani. Kazi yake yeye ilikuwa kuokota yaliyokufa na kufagia.

Mwaka 1986 mume wa Bi Mariamu, aliyekuwa akiuza nguo mjini, alihamishia duka Mombasa. Siku ya kufunga mizigo Bi Mariamu akamuuliza Wakhisi anataka nini.

"Lile dungusi, Mama."

"Kuna kabati hapa, kuna redio, na wewe unataka dungusi?"

"Dungusi, Mama."

Likapakiwa kwenye mkokoteni. Lilifika salama mpaka kwenye reli. Pale gurudumu likanasa, pipa likabingirika, na dungusi likavunjika vipande tisa. Shina lilipasuka mpaka mizizini. Wakhisi akaokota vipande kwa leso yake, miiba ikimchoma vidole, huku wapita njia wakimpa pole kwa sauti ya watu wanaojizuia kucheka.

Siku hiyo hiyo alipanda vipande vinne nyuma ya nyumba, kwenye udongo mweusi, akavimwagilia asubuhi na jioni kama sukuma wiki. Wiki ya tatu vikaanza kuinama. Alipogusa kimoja, kidole kilizama ndani, ikatoka harufu ya kabichi iliyooza.

Kwa hasira akaenda soko la Kibuye kwa Mzee Ouma, muuza miche. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hiyo umeiua na maji. Ukikata, acha kidonda kikauke kwanza. Wiki mbili kivulini, mpaka kifunge. Halafu mchanga na kokoto, udongo kidogo tu. Maji ngoja, mpaka ishike."

"Nisipe maji? Itaishi na nini?"

"Na yale iko nayo ndani. Hiyo si mahindi."

Akarudi, akasawazisha vipande vitano vilivyobaki kwa kisu kikali, akavipanga juu ya gazeti kando ya kabati. Siku ya kumi na moja alikuta pamefagiwa. Mumewe Laban alikuwa fundi wa mbao, na hakuvumilia uchafu ndani ya nyumba.

"Baba Joram, vipande vyangu viko wapi?"

"Vile vilivyosinyaa? Nilidhani ni takataka. Nimevichoma pamoja na majani."

Wakhisi alivuta kabati kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Viwili vilikuwa vimeangukia nyuma yake. Akavipanda kwenye makopo mawili yenye mchanga na kokoto, na kwa siku mbili hakumsemesha mumewe.

Laban akaona vibaya. Kwa hiyo Wakhisi alipokwenda Sondu siku tatu kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, yeye alijipa kazi ya kutengeneza mambo.

"Nimekutunzia miti yako," alimwambia aliporudi, uso umemng'aa. "Nimeipa maji kila siku. Hata mchana, jua likiwa kali."

Wakhisi akaketi kwenye kigoda cha jikoni akalia kwa sauti, mwanamke wa miaka hamsini, kwa sababu ya mti ambao jirani yake Anyango aliuita mti wa kuzuia mbuzi. Laban alisimama mlangoni, kofia mkononi, asijue amekosa nini.

Kipande kimoja kilioza kabla ya wiki kwisha. Kopo la pili lilikuwa limeliwa na kutu chini, maji yote yalikuwa yakipita tu. Baada ya miezi miwili Wakhisi alikivuta kile kipande taratibu, kikakataa kung'oka. Kilikuwa kimeshika. Hakumwambia mtu.

Dungusi likakua polepole, likavuka dirisha. Mwaka 1990 halikuchanua. Mwaka 1992 halikuchanua. Mzee Ouma alimwambia angoje, naye akachoka kuambiwa angoje. Mwaka 1994 hatimaye tumba likatokeza ubavuni, likavimba siku baada ya siku. Ndipo ikaja habari kwamba kaka yake amefariki Kakamega. Wakhisi alilitazama lile tumba, akaona haya kwa alichokuwa akikiwaza, akafunga mzigo wake.

Aliporudi siku ya nne, ua lilikuwa limelegea.

"Lilichanua juzi!" Laban alimpokea. "Niliita majirani. Anyango mwenyewe alikuja na watoto."

"Lilikuwaje?"

"Jeupe."

"Na nini tena?"

"Kubwa."

"Harufu yake?"

Laban akajikuna shingo. "Nilikuwa na mafua, Mama Joram."

Wakhisi akaweka mzigo chini. Akalizunguka dungusi mara mbili, akitafuta tumba jingine. Hakuona. Akaingia ndani, akavua viatu, akamwambia mumewe kwamba mwaka ujao, afe nani, yeye haendi popote.