Viti vya Mwalimu Ntambwe, Milango ya Kalala

Baba yangu, Omer Ngeleka, alinunua Pejo 504 mwaka niliozaliwa mimi, na kwa miaka kumi na mitatu hakuna aliyethubutu kumuuliza anampenda nani zaidi, mimi au gari.

Alikuwa mtunza stoo katika kampuni ya migodi hapo Kolwezi. Babu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Baba alizaliwa kambini, akasoma shule ya kambini, akaoa kambini, na Kasai kwenyewe hakuwahi kukanyaga. Mtu akimwita Mkasai, alimtazama kwa upole kama anavyotazamwa mtu aliyekosea nyumba.

Kila Jumapili baada ya misa tulikwenda Nzilo kuangalia bwawa. Nasema kuangalia, lakini hatukushuka. Baba alisimamisha gari, akafungua boneti, akasikiliza injini, akafunga boneti, tukarudi. Bwawa nililiona vizuri mara ya kwanza kwenye picha, nikiwa mtu mzima.

Kisha mgodi mkubwa ukaporomoka, mishahara ikawa inakuja inapojisikia, na kwenye mikutano watu wakaanza kusema wazi kwamba kazi zote zimeshikwa na Wakasai na kwamba Wakasai warudi kwao. Hapo ndipo Baba alipoanza kuliboresha gari.

Alikuwa na hoja yake, na aliieleza mezani kila jioni bila kuombwa.

“Muntu mwenye kubadilisha pare-brise, kioo ya mbele, haiko muntu wa kwenda,” alisema. “Ata bo banajua.”

Mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa tatu, vijana walianza kupita nyumba kwa nyumba na orodha. Familia iliyotajwa ilipewa siku moja, siku mbili, ikabeba ilichoweza na kwenda stesheni kungoja treni ya Kasai. Watu waliuza vitanda, masufuria, hata mabati ya jiko. Magari hayakuuzika. Nani atanunua leo kitu ambacho kesho kitaachwa barabarani bure? Ila vipuri viliuzika, kwa sababu Kolwezi nzima alibaki mtu mmoja aliyevihitaji.

Baba alizunguka mtaa na spana mfukoni. Kwa Mwalimu Ntambwe, aliyenifundisha hesabu, alifungua viti vya Renault yake, vya mahameli ya kahawia. Kwa Kalala, muuza nyama, alichukua milango minne ya buluu na kioo cha mbele. Kwa Tshimanga, fundi cherehani, alichukua kabureta na stata vya Toyota, ambavyo havikupaswa kuingia kwenye Pejo, lakini kwa Baba viliingia. Aliwalipa kwa unga na sabuni, na kila mmoja Baba alimwambia neno lile lile: “Siku utarudia, utabikuta.”

Niliona aibu. Binti wa mwalimu, Valérie, alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Alisimama barazani kwao akimtazama baba yangu akifungua nati za kiti alichozoea kukalia yeye, nami nikajifanya nimetumwa kushika tochi mchana kweupe.

Kufikia Pasaka, gari letu lilikuwa zuri kuliko yote Kolwezi. Liliwaka, mradi uwe umemwona Baba akiliwasha. Ulikanyaga mafuta mara mbili, ukageuza ufunguo nusu, ukahesabu hadi nne, ukagonga chini ya redio kwa goti la kulia, ndipo ukageuza ufunguo wote. Ukigonga kwa goti la kushoto, ulianza upya. Baba aliliona jambo hili kuwa kinga dhidi ya wezi.

Mama yangu, Tshibola, alikuwa na mimba ya miezi saba na alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kuzaa akiwa amefika mahali.

“Omer, twende tumbo haijashuka bado,” alimwambia. “Mi sitaki kuzala chini ku gare, ku reli.”

“Utazala hapa kwetu,” Baba alisema. “Fasi gani ingine?”

Kila alipomwambia hivyo, Baba alikuwa amelala chini ya gari, kwa hiyo Mama alizungumza na viatu vyake. Nadhani alizoea.

Aliyetuletea habari ni Mukalay, Mkatanga wa kaskazini, aliyefanya kazi na Baba stoo moja miaka kumi na tisa. Alikuja saa tisa mchana, akakataa kukaa.

“Banaandika jina yako,” alisema. “Minaiona na macho yangu. Ni kesho.”

Baba alimwomba kwanza asikilize gia. Aliwasha, akaingiza ya kwanza, ya pili, ya tatu, akizunguka ua wetu taratibu huku Mukalay akitembea kando ameinamisha sikio. Mukalay akasema iko muzuri. Kisha akajifuta uso kwa kofia yake na kutoka bila kuaga, na hapo ndipo Baba alipokwenda ndani kumsaidia Mama kufunga nguo.

Asubuhi tulifukuzwa kwa gari safi kabisa. Vijana waliokuja kutusimamia walituacha tupite; mmoja alituonyesha njia kwa mkono, kama askari wa barabarani.

Baba aliamini kwamba wote waliotutangulia walikuwa wameshafika Mbuji-Mayi. Walikuwa stesheni. Miezi miwili walikuwa stesheni, chini ya maturubai kando ya reli, maana treni ilikuja mara moja kwa wiki au isije, na ilipokuja ilijaa kabla haijasimama. Surua ilikuwa imeingia. Nyuma ya ghala la reli palikuwa na makaburi mafupi, mengi.

Katikati ya watu hao Baba aliingia na gari ambalo nusu yake ilikuwa mali yao.

Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu Ntambwe alikuja kwanza, amekonda, akalizunguka gari mara moja, akafungua mlango na kukaa kwenye kiti chake. Alipapasa mahameli.

“Unabiosha na nini?” aliuliza.

“Na sabuni na maji ya moto,” Baba alijibu.

“Ni muzuri.”

Kalala alikuja akafungua milango yake minne na kuifunga, mmoja mmoja, akisikiliza inavyoshika. Tshimanga aliomba boneti ifunguliwe. Baba alisimama kando, mikono nyuma, akingoja wamalize.

Wiki tatu tuliishi ndani ya Pejo ile. Mama alilala viti vya nyuma. Mvua ikinyesha, watoto wachanga wa maturubai ya karibu walipitishwa dirishani wakalala mbele, watatu watatu. Tumbo la Mama lilishuka. Kila asubuhi aliniuliza kama nimesikia treni, nami nilisema bado.

Mabehewa yaligawiwa na mtu mmoja mwenye koti la ngozi. Nani alimpa kazi hiyo, hakuna aliyejua, na hapakuwa na wa kumuuliza. Tulimwita Chef, yaani mkubwa. Siku moja asubuhi alisimama mbele ya gari letu kwa muda mrefu.

“Tata,” alimwambia Baba kwa heshima, “unipe motokari, mi nakupa fasi ya weye, bibi na batoto. Treni ni kesho.”

Mama alifumba macho. Nilijua anaomba Mungu Baba aseme ndiyo, kwa sababu mimi pia niliomba hivyo.

“Motokari haiko ya mi moja,” Baba alisema. “Viti ni bya Mwalimu Ntambwe. Milango ni ya Kalala. Kabureta na stata ni ya Tshimanga. Tupande bote, ao hapana.”

“Balikuuzishia. Ni yako.”

“Basi nabarudishia bintu yabo. Utakamata yenye kubakia.”

Akatoa spana. Alianza na mlango wa dereva, akauweka miguuni pa Kalala. Ukafuata wa pili. Alifanya kazi kwa utaratibu uleule wa nyumbani, kila nati kwenye kopo lake, na Mama akashuka taratibu ili viti vitoke. Nilimchukia baba yangu saa ile, nasema wazi. Nilimwona mtu anayefungua nafasi ya mke wake kwenye treni kwa spana namba kumi na tatu.

Chef alitazama gari likipungua. Kabureta iliposhikwa, alitema mate pembeni.

“Rudisha yote,” alisema. “Minakupa wagon moja muzima.”

Kulirudisha kulichukua siku nzima, kwa sababu Baba hakukubali kukaza nati ovyo, hata za gari la kumpa mtu mwingine.

Kesho yake tulipanda, familia nne, watu thelathini na wawili, kwenye behewa la mizigo. Mama alikaa juu ya magodoro, mgongo ukutani. Baba alipanda wa mwisho. Alikuwa ameshaketi pale Chef alipokuja mlangoni na ufunguo mkononi. Gari lilikuwa limekataa kuwaka.

“Dakika mbili,” Baba alimwambia Mama, akashuka.

Nilimwona vizuri kutoka mlangoni. Alikaa, akakanyaga mara mbili, akahesabu, akagonga kwa goti, likawaka. Chef akajaribu, likazima. Baba akaliwasha. Chef akajaribu kwa goti la kulia, akajaribu kwa ngumi. Walikuwa wamelizunguka watu wanne sasa, wawili na bunduki. Filimbi ya treni ikalia.

Maneno ya mwisho niliyasikia mimi na Kalala, tuliokuwa karibu.

“We utabakia unitembezee,” Chef alisema. “Ukipanda, nafungua ile wagon yenu ku treni, itabakia hapa.”

Baba alitazama behewa. Kisha akakaa tena nyuma ya usukani na kuufunga mlango, nao ukashika vizuri. Treni ikaondoka. Hivyo ndivyo baba yangu alivyobaki Kolwezi pamoja na gari lake, jambo alilokuwa akilidai tangu mwanzo.

Kalala alimweleza Mama alichosikia. Mimi nilikisikia kwa masikio yangu, lakini miaka mingi nilichagua kukumbuka goti tu, na uso wa Baba gari lilipowaka, maana alifurahi kidogo. Nilimwona.

Mama alizaa usiku wa pili, kabla ya Kamina, wakati treni imesimama mahali pasipo na kitu. Mke wa Mwalimu Ntambwe alimzalisha. Walikuwa mapacha, wavulana. Kwetu sisi Waluba wa Kasai pacha wa kwanza huitwa Mbuyi na wa pili Kabanga, na hakuna familia inayompa mtoto wa peke yake jina hilo la Mbuyi. Kabanga alizaliwa mdogo sana. Aliishi mpaka saa nane mchana, treni ikiwa bado haijaondoka, na Kalala na Tshimanga wakachimba kando ya reli kwa kipande cha bati.

Tulishukia Mwene-Ditu, huko Kasai. Barua ya kwanza ya Baba ilitufikia miezi mitano baadaye, mikononi mwa mfanyabiashara. Ilikuwa kurasa tatu. Alieleza kwamba yu hai, analala gereji kwa Chef, na wanamlinda kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuliwasha. Alieleza kwamba gia ya tatu inalia. Alieleza kwamba viti vya mwalimu vimepata doa, na mwalimu asiambiwe. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, aliuliza: mutoto alizaliwa? Ni kijana ao binti? Banamuita nani?

Nilimsomea Mama. Kurasa zote tatu alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto, hakunikatiza. Nilipomaliza akaniambia nichukue kalamu. Nilingoja anieleze niandike vipi, kwa sababu sikujua kitu kama kile kinaandikwaje.

“Andika: kijana, anaitwa Mbuyi,” alisema.

“Na kisha?”

“Baba yako ni Muluba. Itatosha.”

Niliandika hivyo tu, nikampa mfanyabiashara.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba. Lilikuwa mstari mmoja. Gari halikutajwa. Aliuliza Kabanga tulimwacha stesheni gani, ili siku akipita ashuke.

Mama aliniambia nimwandikie ukweli, kwamba haikuwa stesheni.