Spika Iliyomsafisha Baba

Mpaka leo spika yetu inaniomba ruhusa ya kujisasisha, na mpaka leo naikatalia. Kila nikifungua simu, kinukta chekundu kinanikodolea macho: toleo jipya liko tayari, litaboresha usikivu wako. Nani kakuomba? Usikivu wangu unanitosha. Nyumbani wananiambia nimekuwa mbishi, eti naogopa teknolojia. Siogopi kitu mimi. Ila niliona kile kifaa kilivyomfuta baba yangu siku moja huku kikijisifu kwamba kimemsafisha, na tangu hapo mimi na neno "kuboresha" hatusalimiani.

Baba alikuwa mkulima wa migomba na maharage hapa kijijini Mbuba, na alikuwa mpiga inanga. Kwa asiyeijua, inanga ni ubao mrefu uliochongwa ukaachwa na tumbo la kina kifupi, ukawambwa nyuzi. Mpigaji anaketi nayo na kuzichezea nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Baba alijifunza ng'ambo ya mpaka, Burundi, alipokwenda ujanani kukaa kwa mjomba wake, na huko ndiko alikofundishwa kutoimba. Ndiyo, kutoimba. Mpigaji wa namna ile ananong'ona. Nyuzi zinaongea chini chini, naye anapitisha maneno katikati yake kwa pumzi tu. Akipaza sauti, kaiharibu.

Kwa hiyo nyumbani kwetu, inanga iliposhushwa ukutani, sheria ilikuwa moja: hakuna kunyanyuka mpaka amalize. Hata mgeni aliyebanwa na haja alijikaza hapo hapo. Sisi watoto tuliwekwa nyuma kabisa karibu na mlango, tukaonywa hata kupiga chafya. Maneno machache yaliyotufikia kule nyuma yalikuwa ya ng'ombe: pembe za ng'ombe, mwendo wa ng'ombe, ng'ombe akinywa maji. Mimi ng'ombe walinichosha mapema. Kabla hawajafika mtoni nilikuwa nimeshalala.

Baba alipofariki ilibaki kanda moja ya kaseti, iliyorekodiwa na mgeni siku ya karamu pale nyumbani. Mdogo wangu, ambaye yuko Mwanza na kazi yake ni kompyuta, aliichukua akaihamishia mtandaoni. Kanda yenyewe ilikuwa imechoka. Ilipomaliza kunakiliwa ikajisokota ndani ya mashine ikakatika vipande vipande. "Usijali dada," akaniambia, "ikishakuwa mtandaoni haiozi." Baadaye akatuletea spika, kitu cheusi cha mviringo, kidogo kuliko chungu cha mboga, kinachovuta sauti moja kwa moja kutoka huko mtandaoni kupitia kikasha cha intaneti alichokifunga dirishani.

Mama mwanzoni aliidharau. "Haina mlango wa kutia kanda, itaimba nini?" Lakini siku aliyofundishwa kitufe chake, mambo yakaisha. Kila mchana baada ya kula alitandika mkeka, akaweka ungo wa maharage mapajani na spika karibu na goti, akabonyeza. Nyuzi zikianza, aliendelea kuchambua. Mnong'ono ukianza, aliuweka ungo chini. Maharage yana kelele yakichambuliwa, na mama hakutaka hata punje moja imguse baba. Mimi nilikuwa naliona hilo Jumapili tu, kwa sababu siku nyingine nashinda Kabanga, mpakani, kwenye duka langu la vitambaa. Na hata Jumapili sikuwa nasikiliza. Nilipita na mambo yangu, nikijua kwamba mama yuko na ng'ombe wake.

Si kwamba kilikuwa kifaa cha kutegemewa. Mbuba mtandao unakuja ukijisikia. Wingu likikaa vibaya, spika inazungusha taa yake, inanyamaza, inarudi na sauti nyembamba kama ya mtu aliyezibwa pua. Mama aliisubiri. Alikuwa akisema mumewe hata alipokuwa hai hakuwahi kuitika mara ya kwanza.

Basi Jumapili moja nikamkuta mama mkekani, spika inapiga, naye anachambua maharage. Nikasimama kusikiliza. Loo, jinsi ilivyokuwa safi! Ule mchakacho wa kanda kuukuu ulikuwa umetoweka, kila uzi unasikika peke yake, utadhani inanga imechongwa jana. Nikafurahi kabisa.

"Mama, sauti imetakata leo."

Mama akaendelea kuchambua. Tunaongea Kihangaza sisi wawili, na Kihangaza cha mama akikasirika kinakuwa kifupi sana. Akasema, "Huyu si mume wangu."

Nikadhani ni uzee, Mungu anisamehe. Nikamwambia asikilize vizuri, ni inanga ile ile, karamu ile ile. Akanitazama. "Inanga ninaisikia. Yeye yuko wapi?"

Nikachuchumaa nikatega sikio. Nyuzi zilipiga, zikafika pale anapoanza kunong'ona, zikapita. Hakuna kitu. Nikairudia. Nikaipandisha sauti mpaka mbuzi wa jirani wakaitika. Nyuzi tupu, na kati ya nyuzi na nyuzi kimya kilichofagiliwa. Baba hakuwemo.

Nikampigia mdogo wangu simu, nikamweleza. Akacheka. "Dada, ni apdeti tu imeingia yenyewe. Mwambie mama masikio nayo yanachoka." Hapo nikawaka. Nilimwambia masikio ya mama yamemlea yeye, yamemsikia akilia hata alipokuwa analia kwa ujanja, kwa hiyo asiniletee habari za masikio. Afungue hiyo kanda huko aliko, asikilize mwenyewe, ndipo acheke.

Akafungua. Niliisikia inanga ikipiga kwenye simu, kule Mwanza. Kisha akairudisha mwanzo, ikapiga tena.

"Dada," akasema, "hata huku hayumo."

Akanieleza polepole. Toleo jipya limekuja na akili ya kusafisha sauti. Linasikiliza rekodi, likikuta mchakacho wa kanda linauondoa, linabakiza muziki. Na mnong'ono, kwa hesabu za mashine, hauna tofauti na mchakacho. Ni pumzi tu. "Mashine imemwona baba ni uchafu wa kanda," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nikamuuliza: anarudi au harudi? Akasema hajui. Kama usafi ule unafanyika wakati wa kusikiliza tu, kuna mahali pa kuuzima kwenye simu yangu, maana akaunti ni ya kwangu. Kama wamekwisha kuisafisha rekodi yenyewe huko walikoihifadhi, basi imekwisha. Kanda ilikatika. Kompyuta aliyonakilia iliibiwa zamani. Hakuna nakala nyingine duniani.

Nilikata simu nikaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikalia kwa hasira. Mtu anakufa mara moja, jamani. Huyu wetu tulimzika, tukamlilia, tukazoea. Leo anakuja mtu asiyemjua, tena hata si mtu, anamfagia kama vumbi halafu anatuandikia kwamba huduma yetu imeboreshwa!

Nilijaribu kuuzima usafi ule pale pale. Ukurasa wa mipangilio ukazunguka, ukazunguka, ukagoma. Mdogo wangu akanionya tena: hata nikifanikiwa, kwa mtandao wa Mbuba spika itajishusha ubora yenyewe, na ubora ukishuka, sauti nyembamba ndizo zinazotupwa kwanza. Niende penye mtandao wa nguvu, nizime usafi, nichague ubora wa juu kabisa, niipakue rekodi nzima kwenye simu, ndipo niipige. Penye mtandao wa nguvu ni dukani kwangu, Kabanga.

Asubuhi nikaichukua spika. Nikamkuta mama mlangoni amekwisha kujifunga kitenge cha safari.

"Mama, unakwenda wapi? Nitarudi nayo jioni."

"Nisipokuwepo, utajuaje kama ni yeye?"

Akaivingirisha spika kwenye kanga yake, akaipakata njia nzima. Mimi nilikuwa na haraka, sikupika hata uji.

Kabanga kuna jambo ambalo kila mwenye duka analijua. Mnara wa Burundi uko karibu kuliko wa kwetu, na simu hazijui mpaka. Ndani ya duka langu, ukikaa mlangoni uko Burundi. Ukikaa nyuma kwenye cherehani uko Tanzania. Mlangoni bando linaliwa ukiliangalia. Najua hilo miaka yote, wageni ndio ninaowacheka. Lakini siku ile nilitaka mwanga, nikaburuta kigoda mpaka mlangoni, jirani yangu anayebadilisha pesa akamwamkia mama, "Shikamoo mama," mama akaitika marahaba bila kuinua uso, nami nikafungua ile programu.

Ikafunguka kwa Kifaransa. Iliona mnara wa jirani ikaamua tumehama nchi. Chini yake vifungo viwili, kimoja chekundu kimoja kijivu, vinasubiri nibonyeze. Na mimi Kifaransa changu ni cha kuuzia vitenge: bei, rangi, kwaheri. Kidole kikaenda kwenye chekundu, maana kila simu inapokusumbua unabonyeza tu ili ikuondokee. Mama akanishika mkono.

"Umesoma kilichoandikwa?"

"Sijui lugha yake, mama."

"Basi usimguse."

Alisema usimguse. Nikaishusha simu kama kitu cha moto. Tukahamia nyuma, mimi na kigoda changu, mama na spika yake, tukajibana kati ya cherehani na majora ya vitambaa. Simu ikatafakari weee, ikarudi Tanzania, programu ikarudi kwenye Kiswahili chake cha kigeni. Nikakikuta: "Safisha Sauti: imewashwa." Hakuna aliyeiwasha. Nikaizima. Nikachagua ubora wa juu kabisa. Nikaanza kupakua, kile kimstari kinajaa taratibu mno, mteja akaja akaulizia bitana nikamwambia hakuna, na bitana iko nyuma ya kichwa changu.

Kimstari kikajaa, nikaiunganisha simu na spika. Nikamwambia mama, "Kama hayumo, mama, mimi..." Yeye akabonyeza kitufe mwenyewe.

Kwanza ukaja mchakacho. Ule uchafu wote, kama mafuta kwenye kikaango, na kwa mara ya kwanza maishani nikaupenda. Kisha nyuzi. Kisha mama akafumba macho. Akaja. Pumzi ya baba, kavu, ya chini, inapenya katikati ya nyuzi na ng'ombe wake mbele. Nikalia waziwazi, wapita njia watazame watakavyo.

Mama hakulia. Alikuwa ameinua kidole, anasubiri kitu. Mnong'ono ukashuka zaidi, ukawa chini kabisa, pale ambapo kwa miaka yote nilidhani baba anameza mate. Mama akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Umesikia?"

Sikusikia. Nikarudisha nyuma, nikaweka sikio juu ya spika. Baba alikuwa kaacha ng'ombe. Alikuwa ananong'ona, kwa Kihangaza cha jikoni kabisa: "Umekula wewe? Usiwape chungu chote. Jiwekee."

Mama akanieleza, bado anajifuta. Siku za karamu yeye alipakua, aligawa, akawarudishia waliotaka tena, na mara nyingi chungu kilimrudia kitupu. Baba hakuweza kuacha wageni akamfuata jikoni, wangemcheka. Kwa hiyo alimwekea kigoda karibu na inanga, na katikati ya sifa za ng'ombe akashusha pumzi, akamuuliza. Kila karamu. Waliokaa mbali walisikia pumzi tu. "Na wanatikisa vichwa," mama akasema, "wanadhani ni ng'ombe!" Akacheka tena. Kisha kicheko kikaisha, akaulainisha ukingo wa kanga kwa kidole.

"Tangu aondoke," akasema, "hicho kifaa ndicho kinachoniuliza."

Aliyasema bila lawama yoyote. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja. Nikatazama nje, jua lilikuwa limeshapita utosini. Mama alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni, mimi nikiwa na haraka zangu, nampigania mumewe.

"Mama," nikasema, "umekula?"

Nikashika mkoba, nikainuka niende kumtafutia ndizi na maharage kwa mama ntilie wa stendi. Spika ilikuwa bado inanong'ona. Mama akanivuta gauni, akanikalisha.

"Nitakula," akasema. "Kaa kwanza, amalize."

Nikakaa.