Maharagi Niliyoyapaka Nyeupe

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla jirani zangu wa Bunia hawajawaambia. Vita ilipotutoa kwetu Fataki hadi mjini Bunia, mimi Deo nilikuwa fundi wa kupaka kuta chokaa. Mjini hakuna aliyejenga, na watoto walitaka kula. Mama Iveti, msimamizi wa nyumba ya wageni, alikuwa anatafuta mpishi. Nikajibu upesi, "Mpishi ni miye."

Wiki mbili nilipika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa ziwani kutoka Kasenyi, nikasifiwa, nikaanza kutembea kifua mbele. Ndipo Mama Iveti akaniletea maharagi mabichi, yale ya kuliwa na maganda yake.

"Papa Deo, leo iko wageni. Usipike haya mpaka yalegee. Ufanye tu blanchir."

Blanchir! Neno hilo la Kifaransa nililijua kuliko mpishi yeyote: kwetu mafundi wa chokaa ni kufanya kitu kiwe cheupe. Nikakoroga unga wa muhogo na maji, nikayapaka moja moja, tabaka mbili, nikayaanika dirishani.

Mezani Mama Iveti akafunua sahani. Mgeni mmoja akauma, unga ukamdondokea shatini.

"Papa Deo, nani alikufundisha blanchir?"

Nikaamua kusema kweli. "Ni kuta, mama. Kuta za kanisa letu."

Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanipeleka jikoni, akatumbukiza maharagi yaliyobaki bila kupakwa katika maji yanayochemka, kwa muda mfupi tu, halafu katika maji baridi. Nikauma moja. Lilikuwa kijani kibichi, likavunjika kwa mlio.

"Hii ndiyo blanchir ya sahani," akasema. "Ile ya kuta utanifanyia kesho. Jikoni yangu iko nyeusi na moshi."