Bunduki Isiyo Mbaya

Kambini walimwita Si Mbaya, na jina lilimkaa. Alikuwa sajenti, fundi wa silaha, mikono imeingia mafuta mpaka kwenye kucha, maneno anayapima kwa kijiko. Ukimuuliza chakula kikoje, si mbaya. Mkwe mpya je? Si mbaya. Mkewe alishaijua lugha hiyo zamani: neno hilo likitoka mdomoni mwa mumewe, ujue chumvi imezidi, au huyo mkwe ni mlevi. Watoto nao walikua wakilijua. Kizuri alikila kimya akaomba nyongeza. Kibaya alikiita si mbaya. Mnafiki hakuwa. Alizeekea tu kwenye kazi ambamo mdogo hamwambii mkubwa kwamba kitu chake ni kibovu.

Basi jeshi likaanza kutafuta bunduki mpya ya askari wa miguu, aina moja kwa wote, ichukue nafasi ya zile kuukuu alizokuwa akizifungafunga waya. Yeye akatiwa kwenye kamati ya kuchagua. Wengine wangevimba kichwa. Yeye aliogopa, maana kitinda mimba wake alikuwa askari wa miguu huko mpakani, na bunduki itakayochaguliwa ndiyo mwanawe atakayolala nayo.

Siku ya majaribio, uwanja wa shabaha ulijaa viti vya plastiki na wakubwa wenye nishani. Bunduki ilikuwa nyepesi, inang'aa, na jenerali alishaipenda kabla haijalia. Ikalia vizuri. Kisha mtutu ukapata moto, ganda la risasi likagoma kutoka. Fundi akapiga goti, akalisukuma kwa kijiti cha kusafishia, kazi ikaendelea. Ikapata moto tena, ikakwama tena. Hapo hapo akajua haifai. Uwanjani ikikwama mnacheka. Mpakani ikikwama, anayecheka ni mwingine.

Jenerali akamgeukia mbele ya wote.

"Fundi, wewe ndiye mwenye jicho. Unaionaje?"

Alilitafuta neno haifai, akalipata, likapanda mpaka kooni na kukaa papo hapo.

"Si mbaya, afande."

Wakubwa wakapiga makofi. Nyumbani kwake ile ingekuwa hukumu. Kwa jenerali ilikuwa baraka. Hata chai haijamiminwa, waziri alishapigiwa simu: fundi mwenyewe ameikubali.

Siku zilizofuata aliishi kama mtu aliyejifungia ndani, ufunguo ukamvunjikia kwenye kitasa. Usingizi ukampotea. Mwishowe akajikaza, akaenda kwa kanali aliyeongoza kamati, akasimama wima na kueleza yote: ganda, moto, kijiti. Kanali alimsikiliza hadi mwisho huku akichezea kifuniko cha kalamu.

"Niliiona ikikwama," kanali alisema. "Wote tuliiona. Tulikuwa tunakungoja wewe useme."

Fundi akauliza kama hawawezi kusema hata sasa. Kanali akamjibu bila ukali kwamba jenerali alishamtaja kwa waziri, na anayetaka kwenda kulifuta neno hilo, mlango wa jenerali ni ule mwisho wa korido. Fundi akatembea mpaka mlangoni. Akamsikia jenerali akicheka na wageni wake. Akainua mkono abishe, akautazama, akaurudisha mfukoni. Aliona aibu, na aibu yenyewe haikumsaidia kitu.

Mwezi uliofuata kijana akaja likizo, amekonda lakini ana furaha. Mezani akatoa habari: kikosi chao ndicho cha kwanza kupewa bunduki mpya. Akamuuliza baba yake, aliyekuwa kwenye kamati ya kuzichagua, zikoje.

Mama akaacha kupakua. Fundi alijaribu kusema nzuri. Alijaribu kweli, ili mtoto angalau aende na moyo. Ulimi ukashika njia yake ya siku zote.

"Si mbaya, mwanangu."

Kijiko cha kijana kikarudi kwenye sahani. Mama akakaa polepole. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Walipomaliza kula, baba alimwita uani, akachukua ufagio wa mpini mrefu, akamkabidhi kana kwamba ni bunduki. Akamwambia ikipata moto asiilazimishe, kijiti kikae kwenye mkanda wala si kwenye mkoba, na ajizoeze kulitoa ganda akiwa amefumba macho. Kijana akafumba macho, akarudia, akakosea, akarudia, mpaka mikono ikawa myepesi. Baba akajisikia anapumua. Angalau huyu mmoja amempa pa kupenyea.

Kijana akafumbua macho, akaulaza ufagio chini.

"Na wenzangu, baba? Wao nani atawaambia?"

Fundi alifungua kinywa. Safari hii hata si mbaya haikutoka.