Tulivyogeuza P Kuwa F

Leo shangazi amenisomesha shahada nikiwa mzima, mkononi nimeshika sahani ya vitumbua.

Mimi na mdogo wangu Zuhura tunabuni lugha yetu wenyewe. Juzi tukakubaliana kila P iwe F. Pilipili ikawa filifili, tukacheka.

Leo Zuhura akaulizia vitumbua kutoka sebuleni. Nikamjibu kwa lugha yetu, "Nakufa."

Yaani nakupa.

Shangazi, aliyekuja kututembelea kutoka Kigombe, akakimbilia jikoni, akanikumbatia. "Mwanangu, tamka shahada."

Hebu semeni, ningeanzia wapi kueleza?

Alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini. Tukaunda neno jipya la kupa kutokana na yeye: kushangazia.

Akanyoosha mkono. "Haya, nishangazieni kitumbua."

Lugha yetu sasa ina wasemaji watatu.