Bundi Niliyemwita kwa Simu

Admin, ukiposti hii tafadhali toa jina, toa picha, toa kila kitu, kwa sababu binamu za mume wangu wamejaa kwa hii peji na wanasoma mpaka maoni ya mwisho kabisa.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa, tunaishi Jamhuri na ninafanya kazi ya ofisi huko Westlands. Sinywi, sina klabu, sina mpango wa kando. Ugonjwa wangu ni kamera. Wikendi wenzangu wakilala, mimi niko kwa msitu wa Ngong Road, gambuti zimelowa umande, nangoja jua litoke ama ndege atue. Mume wangu hucheka tu. Huwaambia watu ati alioa karani akaletewa askari wa msitu.

Sasa, mama mkwe alikuja kutoka Kakamega kutibiwa. Ana uvimbe tumboni, na daktari huko Upper Hill akasema utolewe haraka kabla haujasambaa. Na huyu mama si wale wa kwenye visa vyenu, tafadhali. Alilea watoto wake peke yake baada ya mzee kufa, na tangu siku ya kwanza ananiita mwanangu. Tulimpa chumba cha nyuma kwa sababu kina utulivu, dirisha linaangalia ukuta wa ploti na mti mkubwa wa jakaranda.

Kwa huo mti kuna bundi. Nilimwona jioni moja na akaniingia kichwani. Nikawa nataka picha yake wakati anga inaanza kuwa nyekundu nyuma yake. Wenzangu wa kamera wakaniambia ni rahisi: weka sauti ya bundi kwa simu, atakuja kuona ni nani ameingia kwake. Basi asubuhi moja kabla ya jua nikaweka simu juu ya ukuta, sauti nikaifungulia yote, nikachuchumaa. Nilijua Mama amelala. Dawa zake za maumivu humlaza kama mtoto. Nikairudia ile sauti, nikairudia tena. Akaja. Wueh, alikaa kwa tawi akaniangalia moja kwa moja, jua likichomoza mgongoni mwake. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na leo siwezi kuitazama.

Nilipoingia ndani nilikuta Mama ameketi kitandani, amefunga kitambaa kichwani, begi lake liko miguuni. Nikamuuliza kama ni maumivu.

"Nimeitwa, mwanangu," akasema. "Bundi amelia hapa dirishani, akalia, akalia. Hivyo hivyo ndivyo alivyomlilia baba yao."

Kamera ilikuwa shingoni mwangu, chini ya sweta. Ningesema hapo hapo. Ningesema ni simu, Mama, angenigombeza, labda tungecheka, yangeisha. Nikanyamaza. Mbaya zaidi, akaniuliza, kwa vile mimi hufuata ndege, kama nimewahi kumwona bundi kwa hii ploti. Nikasema hapana.

Oparesheni ni Jumatatu, na amekataa. Anasema haendi kufia kwa kisu Nairobi, arudishwe nyumbani alale karibu na mzee wake. Mume wangu amemsihi mpaka akapiga magoti. Pasta alikuja akaomba. Mama akasema amina, kisha akauliza gari la Kakamega linatoka saa ngapi. Muuguzi naye ametuambia nafasi ikipotea, foleni ni ndefu, na uvimbe haungoji foleni. Jana mume wangu aliegemea sinki jikoni, analia bila sauti, akaniambia, "Nikijua ni nini kilileta huyo ndege hapa, sijui nitafanya nini." Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliendelea kukata.

Najua mtaniambia nikiri. Ni rahisi ukiwa umekaa kwako. Dada ya mume wangu tayari anasema pembeni ati sitaki mgonjwa kwa nyumba yangu, kwa sababu siku moja nililalamika nimechoka. Nani hachoki? Kwao, na hata kwetu Dagoretti, mtu anayemwita bundi kwa dirisha la mgonjwa ana jina moja tu, na hakuna atakayengoja nieleze mambo ya picha. Tena haikuwa simu peke yake. Bundi mwenyewe alikuja. Je, Mama akisema kuitwa ni kuitwa, hata kama ni kwa simu? Nitakuwa nimevunja ndoa yangu na bado asiende hospitali. Lakini nikinyamaza, huyu mama atakufa kwa sababu yangu, na mimi nitakuwa mbele kabisa kwa matanga, nikilia na wengine. Naogopa, jamani. Usingizi umenihama.

Leo asubuhi ndiyo imenimaliza. Mama alivaa sare yake ya kanisa, akajipaka mafuta, akaniita nje. Akasema katika watoto wake hakuna anayepiga picha kama mimi, kwa hivyo nimpige moja nzuri, ile itawekwa juu ya jeneza, maana hataki waweke ile ya kitambulisho. Akakaa kwa kiti chini ya jakaranda, mahali mwanga ni mzuri, akatabasamu. Nikapiga. Ikatoka vizuri.

Akataka kuiona. Nikampa kamera lakini sikuachilia mkanda. Picha iliyo nyuma ya yake ni ya bundi, sikuwa nimeifuta, na kidole chake kilikuwa juu ya kile kitufe cha kurudi nyuma. Akajitazama kwa muda mrefu.

"Imetoka vizuri," akasema. "Usiifute."

Tiketi imeshakatwa, gari ni kesho asubuhi. Nitukaneni mkishamaliza kunishauri. Nimwonyeshe ile picha nyingine, ama ninyamaze nimsindikize? Mwenzenu nimekwama. Niambieni nifanye nini, na mniambie leo.